KUCHANGANYIKA SI KUPOTEA

Limekuwa likizungumzwa sana siku hizi, katika vibaraza vya Ngarenaro na Kaloleni, katika soko la Kilombero, katika magari ya abiria yaendayo Tengeru na Usa River, na hata wakati wa mapumziko ya wafanya kazi viwandani, swali moja ambalo sisi twaliona ni zito kuliko linavyochukuliwa. Watu waulizana: Kwa kuwa sasa walimwengu wanasafiri kutoka pembe moja ya dunia hata pembe nyingine, na kuoana bila kutazama kabila wala rangi, je, haitafika siku ambapo Mmeru hatakuwapo, Mwarusha hatakuwapo, Mchaga hatakuwapo, wala Mzungu na Mhindi hawatakuwapo, bali wanadamu wote watakuwa wa rangi moja, sura moja na desturi moja?

Katika kulijibu swali hili watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaohuzunika. Hao wasema kwamba damu za watu zinapochanganywa makabila hufa, na kwamba mzazi anayemwoza binti yake nje ya kabila lake anaizika nyumba ya babu zake kwa mikono yake mwenyewe. Na wako wanaofurahi. Hao wasema: Acheni watu waoane tu, maana kabila zikiisha ukabila nao utaisha wenyewe, na hapo vyama, serikali na mashule hayatakuwa tena na kazi ya kuhubiri umoja.

Sisi twasema kwamba makundi yote mawili yamekosea. Tena twasema kwamba makosa yao si ya mazungumzo tu, kwani yapo madhara yanayotokana nayo, na madhara hayo huwaangukia watu wasio na nguvu: mjane, mtoto na mgeni.

Tuanze na wale wanaohuzunika. Hao hudhani kwamba kabila ni kitu kilichoshuka kutoka mbinguni kikiwa kimekamilika, na kwamba hapo zamani kila kabila lilikaa peke yake katika mipaka yake, mpaka mabasi na ndege vikaja kuvuruga. Kama kuna mahali duniani ambapo fikira hiyo yaweza kukanushwa kwa macho, basi mahali hapo ni hapa hapa, katika mitelemko ya Mlima Meru.

Wameru ni nani? Wazee wao wenyewe wasimulia kwamba baadhi ya koo zao, kama vile Kaaya na Mbise, asili yake ni Usambaa, na nyingine zilitoka upande wa Kilimanjaro. Lugha yao ya Kirwa ni ndugu wa karibu wa Kimachame. Lakini Wameru hao hao, ambao lugha yao ni ya Kibantu, katika karne ya 19 waliingia katika utaratibu wa rika wa jirani zao Waarusha, vijana wa kabila hizi mbili wakawa wa rika moja na wakaenda vitani pamoja. Leo Mmeru akitaja rika la babu yake, jina alitajalo ni la Kimaasai, na wala hapungukiwi na Umeru wake kwa sababu hiyo.

Na Waarusha ni nani? Hao walipanda kutoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, yapata miaka ya 1830, wakakaa upande wa kusini-magharibi wa mlima. Lugha yao ni ya Kimaasai na rika zao ni za Kimaasai, lakini walishika jembe wakalima migomba kama jirani zao wa mlimani. Waliwaoa wanawake wa Kimeru na wa Kichaga, wengine kwa posa na wengine kwa kutekwa katika vita, na watoto waliozaliwa wakawa Waarusha kamili. Tena, sotoka ilipowaangamiza ng'ombe wa Wamaasai mnamo miaka ya 1890, na njaa ikaingia, Wamaasai wengi walikimbilia kwa wakulima hawa wa mlimani, wakapokewa, wakaoa na kuolewa. Basi ni nani leo atakayesimama katika mashamba ya Ilboru au Sekei akaonyesha kwa kidole, hapa pana damu safi na hapa pana damu iliyochanganyika? Hayupo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufahamika ni hili: makabila yetu ni mazao ya kuchanganyika. Miaka mia tatu iliyopita hapakuwa na watu katika mlima huu walioitwa Waarusha, na leo wapo kwa maelfu na maelfu. Kuhama na kuoana ndiko kulikowafanya wawepo.

Mji wa Arusha nao ulizaliwa hivyo hivyo. Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1900, baada ya kuwashinda Waarusha na Wameru na kuwanyonga viongozi wao. Kuzunguka boma hilo wakakaa askari, wapagazi na wafanya biashara wa Kiswahili, Wahindi wenye maduka, Waarabu na Wasomali. Katika miaka michache iliyofuata wakaja Makaburu kutoka Afrika ya Kusini waliohama baada ya vita vyao na Waingereza, na Wajerumani waliokuwa wakikaa nchi ya Urusi. Baadaye wakaja Wagiriki, wakalima kahawa. Mwaka 1942 wakaletwa Wapolandi, wapatao elfu tano, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamefukuzwa makwao na kupelekwa Siberia, wakapitia nchi ya Iran mpaka wakafika Tengeru, ambako walijengewa vibanda wakakaa miaka karibu kumi. Kisha wengi wao wakaondoka kwenda Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi ya wenzao waliofia hapa yangaliko Tengeru hata leo, nayo yatunzwa.

Wote hao walipita katika nchi hii, baadhi wakabaki na wengi wakaenda zao. Mlima Meru haukugeuka kuwa Poland wala Ugiriki. Watu wa mlimani hawakupotea kwa kuwa jirani wa wageni hao, na wale wachache waliooana nao waliacha watoto, na watoto hao leo ni wananchi kama wananchi wengine.

Wakati wa uhuru wageni walioingia mjini hawakuwa tena wa kutoka ng'ambo. Walikuwa wananchi waliofuata kazi. Viwanda vilipojengwa, cha mipira ya magari na cha nguo, na vingine vingi, Mpare alisimama kwenye mashine pamoja na Mrangi, na Mwiraki akala chakula cha mchana na Mnyamwezi. Walipanga nyumba moja Unga Limited, wakazikana, wakachangiana harusi, na haikuchukua muda wakaoana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya laki sita. Hakuna mji unaokua kwa kasi hiyo kwa uzazi peke yake. Watu wanakuja, na watu wanaokuja hawaji na ukuta wa kujitenga.

Sasa tulitazame suala hili katika ulimwengu mzima, maana wengine hudhani kwamba dunia yote imo safarini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mwaka 2024 watu wanaoishi nje ya nchi walizozaliwa walikuwa milioni 304. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini ukiigawanya kwa watu wote wa dunia utapata kwamba hawafiki hata wanne katika kila mia. Wanaobaki, watu 96 katika kila mia, wanaishi katika nchi walimozaliwa. Katika Marekani, ambako mpaka mwaka 1967 majimbo kadhaa yalikuwa na sheria ya kumfunga mtu mweupe aliyemwoa mtu mweusi, ndoa mpya za watu wa rangi au asili mbalimbali zilikuwa kama 3 katika kila mia mwaka huo, na zikafika 17 katika kila mia mwaka 2015. Ongezeko hilo ni kubwa, hatukatai. Hata hivyo, katika ndoa mia, 83 bado ni za watu wa asili moja.

Tena yafaa ifahamike kwamba damu haichanganyiki kama maziwa na chai, ambavyo vikishachanganywa havitengani tena. Tangu Gregor Mendel alipochapisha uchunguzi wake juu ya mbegu za njegere mwaka 1866, elimu imeonyesha kwamba mtoto hurithi kwa wazazi wake chembe nyingi za urithi, ambazo leo twaziita vinasaba, na kila chembe hukaa na tabia yake; yaweza kujificha kwa mtoto na kutokea kwa mjukuu. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja na baba mmoja hutofautiana, huyu mweusi na yule maji ya kunde, huyu mrefu na yule mfupi. Nchi ya Brazil imechanganya watu wa Afrika, wa Ulaya na wenyeji wa asili kwa miaka mia tano. Kama kuchanganyika kungeleta sura moja, basi Brazil leo ingekuwa nchi ya watu wanaofanana kama shilingi zilizotoka kiwandani. Lakini katika sensa yake ya mwaka 2022 watu 45 katika kila mia walijiandikisha kuwa wa mchanganyiko, 43 weupe na 10 weusi; na katika hao wa mchanganyiko mna rangi zote ambazo macho yaweza kuona.

Wataalamu wa elimu hiyo wametuambia mambo mawili zaidi ambayo ni fahari kwa Afrika. La kwanza, tangu uchunguzi wa Richard Lewontin wa mwaka 1972 imejulikana kwamba sehemu kubwa ya tofauti za urithi za wanadamu, kama 85 katika kila mia, hupatikana baina ya watu wa jamii moja, si baina ya jamii na jamii. La pili, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, ambao ulifanywa kwa watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha kwamba chembe zinazoleta weusi na zile zinazoleta weupe zimekuwamo humu Afrika tangu zamani mno. Basi hao wanaoogopa kwamba ndoa zitamaliza tofauti za wanadamu wajue kwamba ghala la tofauti hizo limo katika kila kijiji cha Afrika, wala halitakwisha kwa harusi mia wala elfu.

Pwani yetu nayo ni shahidi. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya Waswahili ya zamani, ukaonyesha kwamba tangu yapata mwaka 1000 kulikuwa na ndoa baina ya wanawake wa Kiafrika na wanaume waliotoka Asia, hasa Uajemi. Katika ndoa hizo hapakutokea watu wasio na kwao. Walitokea watu wenye mashairi, misikiti ya mawe na majahazi, na lugha waliyoirithi kwa mama zao ni ya Kibantu, ambayo leo ndiyo itumikayo katika ukurasa huu.

Basi tuwaache hao wanaohuzunika, tuwageukie wanaofurahi. Hao wadai kwamba tukioana tu, ukabila utakufa wenyewe bila ya mtu kuuua. Kwa masikitiko makubwa twalazimika kuwaambia kwamba si kweli, na ushahidi wake ulisomwa katika mji huu huu wa Arusha.

Mwaka 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu waliofanya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, ambamo watu wapatao laki nane waliuawa kati ya Aprili na Julai mwaka huo. Mahakama ikawekwa Arusha, katika jumba la mikutano la AICC, ikafanya kazi mpaka mwisho wa mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilitoa hukumu yake juu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la kuangamiza watu wa asili fulani. Katika kesi hiyo mahakimu walikabiliwa na swali hili hili ambalo watu wanaliuliza vibarazani: Kabila ni nini? Maana Mhutu na Mtutsi walisema lugha moja ya Kinyarwanda, walisali makanisa mamoja, walikaa kilima kimoja, na walikuwa wameoana kwa vizazi na vizazi. Kama ndoa zingetosha kuua ukabila, Rwanda ingekuwa nchi ya mwisho duniani kuona msiba ule.

Ni kitu gani basi kilichowatenga? Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwaandikia watu vitambulisho vyenye neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na serikali zilizofuata uhuru zikaendelea na vitambulisho hivyo. Mtoto wa ndoa ya mchanganyiko aliandikwa kwa upande wa baba yake. Mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lililoandikwa kwenye karatasi ndilo lililoamua nani aishi na nani afe. Mama alipita na mtoto wake hakupita, ingawa aliyemzaa ni yeye.

Ndugu zetu, hili ni somo la kukaa nalo. Kuoana ni jambo jema, lakini ndoa haziwezi kushinda serikali inayogawa haki kwa kabila, wala shule inayogawa nafasi kwa kabila, wala mkuu wa kazi anayeajiri kwa kabila. Ukabila haukai katika damu. Hukaa katika mgawanyo wa ardhi, kazi na madaraka. Anayetaka kuung'oa na auchimbe pale ulipoota.

Na kama kuna watu wanaopaswa kulijua jambo hili bila kuambiwa, ni watu wa Meru. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilishauri kwamba ardhi ya kaskazini ya mlima ipangwe ili mashamba ya Wazungu yaungane pamoja bila kuingiliwa na Waafrika. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ya Waingereza ikawafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ikaziteketeza nyumba zao, ikawaambia waende Kingori. Wameru walikataa. Wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akiwa Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Na wakili aliyewasaidia katika madai yao alikuwa nani? Alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi aliyezaliwa kisiwa cha Bermuda, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, aliyekuja kufanya kazi Moshi. Waliotaka kuwatenga watu kwa rangi ndio waliowanyang'anya wenyeji ardhi, na mgeni aliyechanganyika nao ndiye aliyewasaidia kuidai.

Makaburu wa Afrika ya Kusini walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1949 walitunga sheria ya kukataza ndoa baina ya Wazungu na watu wengine, wakiwaambia walimwengu kwamba wanalinda tofauti za mataifa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1985. Kwa miaka yote 36 haikulinda utamaduni wa mtu ye yote. Ililinda mali na utawala wa wachache. Nasi hapa Tanganyika, mwezi Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya uhuru, walikuwapo wabunge waliotaka uraia utolewe kwa kutazama rangi. Mwalimu Nyerere alipinga jambo hilo kwa ukali, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kulikubali. Baada ya sensa ya mwaka 1967 hakuna sensa ya nchi hii iliyomwuliza mwananchi kabila lake. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimwulizi bwana harusi wala bibi harusi kabila wala rangi, wanaulizwa umri wao na hiari yao.

Lakini hatutaki kumdharau mzee wa Poli au wa Oldonyosambu anayelalamika. Malalamiko yake tumeyasikia, na ndani yake mna mambo mawili ya haki.

La kwanza ni lugha. Mzee asema: Mwanangu ameoa Mnyakyusa, wanakaa Njiro, wajukuu wangu wakija nyumbani hawawezi kunisalimu kwa Kirwa. Huo ni msiba wa kweli, lakini mwenye kosa si mkwe. Tazama nyumba ngapi za mjini ambamo baba ni Mmeru na mama ni Mmeru, na watoto hawajui neno moja la Kirwa kwa kuwa wazazi wanaona haya kuisema mbele ya watu. Na tazama nyumba nyingine, za Waarusha waliooa Wachaga, ambamo watoto husema Kimaasai na bibi huku na Kimachame na bibi kule, na shuleni Kiswahili. Kwa hesabu ya UNESCO, katika lugha kama 7,000 za dunia, asilimia 40 hivi zimo hatarini. Lugha hizo haziuawi na ndoa. Huuawa na dharau, na wazazi wanaonyamaza. Kiswahili kimetuunganisha, nasi tunakipenda kwa moyo wote, lakini hakuna aliyeagiza kwamba mtoto anayejua Kiswahili asijue lugha ya nyanya yake. Kichwa cha mtoto si debe la pishi mbili.

La pili ni ardhi, na hapa twaomba wasomaji wetu wasikilize kwa makini. Ukichunguza sana utaona kwamba mara nyingi hofu ya damu ni hofu ya shamba iliyovaa nguo nyingine. Mlimani ardhi imebana. Kihamba kilichomlisha babu na watoto wake wanane leo chagawanywa mpaka kila mjukuu apata mistari michache ya migomba. Basi mume anapofariki, na mjane ni mtu wa Singida au wa Mbeya, hapo ndipo zinapoanza hotuba za kulinda kabila: mama huyu si wa hapa, watoto hawa wamelelewa mjini, hawaijui mila. Mwisho wa hotuba hizo mjane yuko barabarani na shamba liko mikononi mwa shemeji. Huko si kulinda mila. Huko ni wizi, na kabila limetumiwa kuwa gunia la kuficha kilichoibwa.

Sheria za nchi zimekwisha kulisema jambo hili wazi. Katiba yakataza ubaguzi wa kabila na wa mahali mtu alipotoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila yo yote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi ni batili. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ilikwisha kuamua kwamba kazi ya mke ya kutunza nyumba huhesabiwa katika mali waliyochuma pamoja. Na mwaka 1990, katika kesi ya Pastory iliyotoka Bukoba, Mahakama Kuu iliamua kwamba mwanamke ana haki juu ya ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Haya yote yameandikwa, lakini sheria iliyomo kabatini haimlindi mjane aliyeko Nkoaranga. Atalindwa na balozi wa shina atakayesimama siku ya tanga na kusema: Shamba hili halitoki mikononi mwa mama huyu.

Kinachoua watu wadogo ni kupoteza ardhi, wala si kuoana. Watazame Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, ambao hesabu yao haizidi sana elfu moja. Kwa miaka mingi wameoana na jirani zao, na wangali Wahadzabe, wana lugha yao isiyofanana na nyingine yo yote duniani. Kilichowatisha ni kukatwa kwa misitu yao na kupungua kwa wanyama na asali. Na kilichowasaidia ni hati ya kimila ya ardhi waliyopewa mwaka 2011 katika Bonde la Yaeda. Hati ile imewalinda kuliko ambavyo katazo lo lote la ndoa lingeweza kuwalinda.

Basi jibu letu ni hili. Kuhama na kuoana kutabadili makabila, kama kulivyoyabadili siku zote, na baada ya miaka mia tatu mlima huu utakuwa na watu ambao labda watajiita kwa majina tusiyoyajua leo. Lakini kubadilika si kufutika. Wanadamu hawatakuwa sura moja wala tabia moja. Watakaopotea ni wale watakaodharau lugha zao, au watakaonyang'anywa ardhi yao, hata kama hawakuoa nje ya ukoo wao kwa vizazi kumi.

Na kazi iliyo mbele yetu yajulikana. Mfanya kazi na amtetee mwenziwe kazini bila kuuliza ametoka wapi, na mkuu wa kazi anayejaza ofisi kwa watu wa kijijini kwake aambiwe waziwazi kwamba huo ni ukabila. Wazazi, wawe wa kabila moja au mawili, wawafundishe watoto wao lugha za pande zote mbili tangu wakiwa wachanga, maana udongo uwahi ungali maji. Wazee wa rika na wa ukoo, ambao heshima yao twaitambua, waitumie heshima hiyo kuandika masimulizi yao na kumpokea mkwe mgeni kama babu zao walivyowapokea wakimbizi wa sotoka. Wana-chama katika mashina yao wasingoje mjane atolewe ndani ndipo waitishe mkutano. Wamsaidie kuandikisha haki yake mume angali hai.

Babu zetu wa mlima huu walikuwa maskini kuliko sisi, hawakuwa na katiba wala mahakama, lakini mgeni aliyekuja na njaa walimpa mgomba, na mtoto wake wakamwita mtoto wao. Tukishindwa sisi kufanya hivyo, tusiisingizie damu.